Mashine ya Shemeji Ilikuwa na Njia Mbili

Jamani, naomba masikio yenu, na anayechezea simu aiweke mfukoni kwanza, maana habari hii inamhusu yeye kuliko mwingine yeyote. Nataka kuwaeleza juu ya mama mmoja aliyeambiwa atie saini kwenye karatasi ya uongo ili kulinda heshima ya ukoo, akasema hapana. Alisema hapana kwa bosi wake, akasema hapana kwa mumewe, na mwisho akasema hapana kwa mama mkwe aliyekuwa amelala kitandani anahema kwa shida. Atakayeona kwamba alikosa adabu asubiri nimalize, kisha aniambie usoni.

Mama huyo alikuwa karani wa masjala katika hospitali moja, na watu walimwita Mama Faili. Miaka ishirini na mitatu alikaa nyuma ya dirisha lile la kioo lenye tundu la kupitishia kadi. Ndani mlikuwa na meza nne, kompyuta nne, na feni iliyokwaruza kila ilipogeukia kushoto. Nje kulikuwa na benchi refu ambapo wagonjwa walisogeana kila wa mbele alipoitwa. Asubuhi za pale zilikuwa tulivu. Utasikia kikohozi, utasikia kadi zinagongwa muhuri, na sauti ya Mama Faili ikiuliza, "Jina la baba? Mwaka wa kuzaliwa? Usinidanganye umri, mzee, hapa hatuchumbiani."

Zamani chumba kile kilijaa makabati ya mafaili ya karatasi mpaka darini. Siku hizi mafaili yote yalikuwa ndani ya mashine moja kubwa, sava, iliyofungiwa kwenye kichumba cha nyuma, na kompyuta za masjala ziliifikia kwa waya. Waya ule ulikuwa wa ndani kwa ndani. Haukutoka nje ya hospitali, wala haukuwa na habari na intaneti. Fundi aliyeufunga alikuwa binti mwembamba wa maneno machache, na siku anaondoka alimwachia Mama Faili sharti moja: kompyuta iliyochomekwa waya huu isiwashwe waifai hata kwa dakika moja.

"Mama, waya huu ni mlango wa chumbani kwako," alisema. "Waifai ni mlango wa barabarani. Ukiacha yote miwili wazi kwenye mashine moja, anayepita barabarani ameshafika chumbani."

Mama Faili hakusoma sana, lakini mlango aliuelewa. Akachukua kalamu nene, akaandika MASHINE MOJA, NJIA MOJA, akaibandika karatasi ukutani. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, alizunguka meza zote nne akigusa waya mmoja mmoja kwa kidole, kisha akichungulia pembe ya kioo kuona kama alama ya waifai imezimwa. Wenzake walimtania. "Mama Faili anahesabu vifaranga!" Yeye alihesabu hivyo hivyo, moja, mbili, tatu, nne.

Ya tano hakuihesabu. Na hapo ndipo penye kisa chetu.

Kompyuta ya tano ilikuwa katika chumba cha mkuu wa masjala, na mkuu wa masjala alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyemsemea hadi akapata kazi. Sasa utaingiaje chumbani kwa kaka mkubwa wa mumeo kumkagua nyaya kama mtoto wa shule? Mama Faili alipita mbele ya mlango ule kila asubuhi, akaamkia, akaendelea zake.

Shemeji alikuwa na ugonjwa. Msinishangae kuuita ugonjwa, kwa sababu pombe mnaiita hivyo na hii nayo ilimlewesha. Alikuwa mlevi wa tamthilia. Zile ndefu, za sehemu mia mbili, ambamo mtoto aliyeibiwa hospitali anampenda dada yake bila kujua, na mtu mmoja anapofuka macho kila baada ya wiki mbili. Nyumbani, mezani, simu ilisimama mbele ya sahani yake imeegemezwa kwenye glasi ya maji. Mama yake mzazi, waliyekaa naye ua mmoja, akimsemesha, yeye alijibu, "Mm." Bibi wa watu alishawahi kumwambia, "Mwanangu, kesho nazikwa," ili kumjaribu tu. Akajibiwa, "Mm, sawa mama."

Kazini waya haukuwa na tamthilia. Lakini nyuma ya ukuta wa hospitali kulikuwa na mgahawa wenye waifai ya bure kwa wateja. Shemeji alikwenda pale siku moja, akanywa chai kikombe kimoja, akapewa nywila, na kikombe hicho kimoja akakitumia mwaka mzima. Waya kwa kazi, waifai kwa tamthilia, vyote kwa pamoja kwenye mashine ileile. Siku karani mmoja alipothubutu kuuliza, Shemeji alicheka. "Hizi ni njia mbili mbalimbali, kijana. Moja haijui habari za mwenzake. Tena mashine inapata nguvu maradufu." Nguvu maradufu! Haya, tutaziona hizo nguvu.

Na Mama Faili alijua. Ndiyo, ndugu zangu, alijua, na hapo sitamtetea. Kati ya meza yake na chumba cha Shemeji kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu, na kila siku mnamo saa tano alisikia mwanamke wa kwenye tamthilia akilia, na pengine Shemeji mwenyewe akipenga kamasi. Alijua kwamba sauti ile haiwezi kuja kwa waya. Akainamisha kichwa, akagonga muhuri. Ni shemeji. Utasema nini?

Jumanne moja, saa tano na robo, Shemeji alifika sehemu ya mia na arobaini. Mtoto aliyeibiwa alikuwa anakaribia kuambiwa ukweli, na picha ikaganda. Ukatokea ujumbe: ukitaka kuona kilichobaki, pakua programu hii. Mtu mwenye akili zake angesita. Mlevi hasiti. Alibofya.

Kilichoingia kupitia waifai hakikuwa na haja na tamthilia. Kilitazama huku na huku ndani ya mashine, kikaona waya, kikaufuata hadi kwenye sava. Saa sita kasoro, Mama Faili aliita jina la mama mjamzito, akabofya, na badala ya faili akaona herufi zisizosomeka. Akajaribu jingine. Vilevile. Karani wa meza ya pili akapiga kelele, wa tatu akashika kichwa. Mafaili yote yalikuwa yamefungwa, ya wenye kisukari, ya watoto, ya wenye kusubiri upasuaji, yote. Nje, watu wa benchini walisogeana wakidhani foleni inaendelea.

Siku ya pili, Jumatano, mama mkwe akaamka na homa na kifua kinabana. Shemeji ndiye aliyempeleka hospitali, na alimpeleka vizuri, maana alimpenda mama yake. Lakini alikuwa na vidude vyake vya kusikilizia masikioni. Muuguzi alitazama kompyuta, haikumwambia kitu, akamuuliza mtoto wa mgonjwa.

"Mzee, mama ana dawa yoyote inayomkataa mwilini?"

"Hana, hana," alisema Shemeji, macho kwenye simu.

Alikuwa nayo. Miaka sita nyuma sindano ya aina ileile waliyoiandaa sasa ilitaka kumuua, na tangu hapo faili lake lilifunguka na mstari mwekundu juu kabisa. Bibi mwenyewe, kwa homa ile, hata jina lake alilitaja kwa kubahatisha. Akachomwa. Mama Faili alikuwa dirishani akiandika kadi kwa mkono aliposikia watu wanakimbia upande wa wodi, kisha akasikia jina la ukoo wake likitajwa. Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki chini ya meza. Alimkuta mama mkwe midomo imevimba, macho yamekuwa mistari, pumzi inaingia kwa mluzi.

"Sindano gani mmempa?" alifoka. "Hiyo inamkataa! Miaka sita iliyopita alikuwa hivihivi!"

Daktari wa zamu alimsikia, akafanya linalotakiwa kufanywa, na baada ya muda mrefu mluzi ukatulia. Shemeji alikuwa amesimama ukutani. Kidude kimoja kilikuwa bado kinaning'inia sikioni, na ukikaa kimya ungeweza kumsikia yule mwanamke wa kwenye tamthilia akilia.

Mnadhani hapo mtu angezinduka? Ngojeni.

Alhamisi asubuhi Shemeji alimwita Mama Faili chumbani, akafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Iliandikwa kwamba karani wa meza ya kwanza, yaani yeye Mama Faili, alichomeka flashi aliyotoka nayo nyumbani, na flashi hiyo ndiyo iliyoleta kirusi kwenye mtandao wa hospitali.

"Shemeji, weka saini hapa," alisema kwa upole. "Fundi anakuja kesho. Daktari mkuu anataka kujua chanzo ili kazi iendelee. Wewe ni mtu mzima, utapewa onyo la maandishi, basi. Mimi nikitajwa, nafukuzwa."

"Sina flashi, shemeji. Sijawahi kuwa na flashi."

"Najua."

"Unajua?"

"Shemeji, nani alikuleta hapa?"

Mama Faili aliitazama karatasi, akaitazama mashine ya tano. Waya ulikuwa umechomekwa nyuma. Pembeni mwa kioo alama ya waifai ilikuwa inawaka. Sava imekufa, wagonjwa wanaandikiwa kwenye makaratasi, mama yake mzazi yuko wodini, na huyu mtu bado njia zake mbili ziko wazi! Alitoka bila kuaga.

Mchana fundi, yule binti mwembamba, alipiga simu masjala. Mama Faili alimuuliza swali moja tu: mafaili yatarudi?

"Yatarudi, mama. Kuna diski ya nakala, ile unayoihifadhi kila Ijumaa kabatini. Lakini ni moja tu. Nikiyarudisha mafaili na mashine iliyoleta kirusi bado imechomekwa, nakala nayo italiwa, na hapo hatutakuwa na kitu tena. Kwa hiyo nahitaji kujua kwa hakika kiliingilia wapi. Mkuu wenu ameniambia ni meza ya kwanza, nisafishe hiyo tu. Amesema yake haina waifai kabisa."

Mama Faili aliweka simu chini polepole. Kumbe si suala la jina lake tu. Akitia saini, fundi atasafisha kompyuta isiyo na kosa, na mashine yenye kosa itakula nakala ya mwisho ya watu wote wa benchi lile.

Jioni, jua bado liko juu, waliitwa kando ya kitanda cha mama mkwe. Mumewe alikuwepo, seremala mpole asiyependa ugomvi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Shemeji alikuwepo na karatasi yake.

"Mke wa mwanangu," alisema mama mkwe, sauti imekwaruza, "tia saini. Huyu ni kaka mkubwa. Akiaibika yeye tumeaibika sote."

"Ni karatasi tu, mke wangu," seremala alisema.

"Basi tia wewe."

Seremala akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mama," Mama Faili alisema, akapiga magoti pale sakafuni, kwa sababu adabu alikuwa nayo, msimsingizie, "unajua kwa nini koo lako lilifunga?"

"Dawa."

"Dawa ambayo faili lako lilikataza. Kwa mstari mwekundu, niliouandika mwenyewe. Faili halikufunguka kwa sababu mwanao aliunganisha mashine ya hospitali na barabarani ili atazame tamthilia. Na muuguzi mwenyewe ameniambia, alipomuuliza mwanao kama kuna dawa inayokukataa, alikuwa anatazama hiyohiyo tamthilia. Akajibu hana, hana."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe kwa taabu. "Uliulizwa?"

Shemeji akajikuna shingo.

"Uliulizwa?"

"Sikusikia vizuri, mama."

"Imebaki nakala moja," Mama Faili aliendelea, na sasa alikuwa amesimama. "Moja! Nikisaini uongo huu itaharibika kesho, na wako wengine wengi kama wewe, na wao hawana mkwe wa kukimbia wodini na kiatu kimoja. Sisaini. Nimekuheshimu, shemeji, mpaka heshima yangu ikakaribia kumuua mama. Mkitaka kunitoa kwenye ukoo nitoeni leo. Nitaondoka na kalamu yangu."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo. Mama Faili alirudi nyumbani peke yake.

Ijumaa saa tatu asubuhi alizunguka meza zake kama kawaida. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasimama mbele ya mlango wa mkuu, na nyuma yake alikuwa amewaleta daktari mkuu na fundi aliyeshika diski kifuani kwa mikono miwili. Hakugonga. Alifungua.

Shemeji aliruka kwenye kiti, akavuta rundo la hati mbele ya kioo, lakini sauti ilishamwahi. Mwanamke alikuwa analia.

"Mkuu, ulimwambia fundi hapa hakuna waifai," alisema daktari mkuu.

"Hakuna! Hii ni... hii inakuja kwenye waya, daktari. Nilikuwa najaribu mtandao."

"Kwenye waya?" Mama Faili aliuliza. Akainama nyuma ya meza, akashika kile kichomeo cha plastiki, akakibonyeza, akauchomoa waya. Akasimama wima akauinua juu ili wote wauone. "Waya huu hapa, mkononi mwangu. Mbona bado analia?"

Na kweli, yule mwanamke aliendelea kulia, tena kwa kwikwi, wala picha haikukwama. Fundi alisogea, akainama kwenye kioo, akafungua hiki na kile. Haikumchukua hata robo saa. Programu ya sehemu ya mia na arobaini ilikuwa palepale, na saa iliyoingia.

"Waya huo usiurudishe, mama," alisema. "Kama ningeiacha mashine hii imeunganishwa, leo tungezika mafaili yote."

Mama Faili akatoa karatasi mfukoni, akamkabidhi daktari mkuu. Haikuwa ile ya kupigwa chapa. Aliiandika mwenyewe kwa mkono: *Nilisikia sauti ya tamthilia kupitia ukuta kwa mwaka mzima. Nilijua mashine ile ina njia mbili. Nilinyamaza kwa kuwa ni shemeji yangu. Hilo ndilo kosa langu, na hilo peke yake ndilo nitakalotia saini.* Na saini ilikuwepo chini, imenyooka.

Shemeji aliondolewa kwenye ukuu siku ileile. Mafaili yalirudi, isipokuwa ya Jumatatu na Jumanne, na Mama Faili alikaa wiki nzima akiwaita wagonjwa wa siku hizo mmoja mmoja kuandika upya. Naye alipewa onyo la maandishi, kwa kunyamaza. Mwingine angelificha. Yeye alilibandika ukutani chini ya ile karatasi yake ya MASHINE MOJA, NJIA MOJA, ili kila anayeingia asome yote mawili.

Siku mama mkwe aliporuhusiwa, hakuelekea nyumbani. Alijikongoja hadi masjala, akapita benchi lote bila kusubiri zamu, akaweka mkono kwenye kioo. Wanaukoo walikuwa nyuma yake wamebana pumzi, wakidhani kwamba anakuja kumlaani mkwe.

"Fungua faili langu," alisema.

Mama Faili alifungua.

"Lisome. Kwa sauti. Nataka wanangu wote wawili wasikie."

Akalisoma, kuanzia mstari mwekundu. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akainama karibu na tundu la kadi.

"Hapo penye ndugu wa kuulizwa nikizidiwa, umeandika nani?"

"Mwanao mkubwa, mama."

"Futa. Jiandike wewe."

Tubaki na nini hapa

Funzo la kwanza ni la mashine, na nalisema wazi. Kompyuta inayotunza siri za watu kwa waya usiifungulie waifai kwa wakati mmoja, hata ukijiona mjanja, hata kama bosi ni wewe. Chagua njia moja, nyingine izime.

La pili ni la mioyo yetu, wenzangu. Uraibu wa kioo ni uraibu kama mwingine. Mtu anayeulizwa uhai wa mama yake akajibu bila kuinua macho ameshalewa, na mlevi haachiwi funguo za nyumba ya watu kwa sababu tu ni mkubwa kwenye ukoo.

Na la tatu, hili nawaachia ninyi mnaokagua meza nne na kupita mlango wa tano mkiamkia. Ukiletewa karatasi ya uongo, iwe imeletwa na shemeji, na mume, na mama mkwe mgonjwa, rudisha kalamu mfukoni. Wakikuuliza unajifanya nani, waambie wewe ndiye utakayeulizwa.